Mume Aliyeacha Dame

Honorine aliposimama mbele ya kanisa, mikro mkononi na jogoo wa shukrani kwapani, alitangaza kwamba Mungu amemtoa mume wake katika utumwa wa dame. Kanisa zima lililipuka. Akina mama wa chumba cha maombi walipiga vigelegele, mpiga piano akaingiza wimbo wa ushindi bila hata kuombwa, na Mama Spès, kiongozi wa chumba hicho, akaja mbio kumkumbatia huku machozi yakimtiririka. Jogoo aliogopa, akaanza kupiga kelele, na watu wakasema hata jogoo anasifu. Ilikuwa asubuhi ya furaha kwelikweli.

Gracien, mume mwenyewe, alikuwa amekaa safu ya nyuma. Watu waligeuka kumtazama, wakamchekea, mmoja akampiga begani kumpongeza. Aliitika kwa kichwa, basi. Akaendelea kuangalia sakafu.

Dame yenyewe ni ule mchezo wa kete ambao wengine huuita drafti. Hapa Uvira kete ni vifuniko vya chupa: mmoja anavilaza, mwenzake anavigeuza. Gracien alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kimanga, na kila jioni akishafunika masini yake ya kushonea alikwenda kwenye baraza la Félicien kinyozi, hatua chache tu kutoka kazini kwake. Hakuchezea pesa. Hakuna aliyemsikia ametoka pale amelewa. Alikwenda kucheza na kusema, na kwa kusema huko alikuwa hatari. Akiona mwenzake amesogeza kete vibaya, angeinama, aitazame kwa huruma, kisha aulize: "Hii kete, mama yake anajua iko inje saa hii?" Watu wangecheka mpaka wateja wa Félicien wakatwe vibaya. Wachezaji walitoka hata Kavimvira kuja kufungwa na Gracien, na walirudi tena kesho yake kwa ajili ya ule mdomo.

Honorine aliichukia dame kwa moyo wake wote. Bugali ulipoa, mboga ikaganda, na mume akaingia nyumbani akicheka peke yake mambo ambayo yeye hakuyasikia. Ukweli usemwe: mtu huyu hakuwa mlevi, hakuwa na wanawake, na mke wake alilijua hilo. Kosa lake lilikuwa kupenda kitu ambacho mkewe hakukipenda. Shule zilipofunguliwa, Honorine alimweleza Mama Spès, wakafunga wakaomba, na haukupita muda Gracien akaanza kubaki nyumbani jioni. Sasa kama hilo si jibu la maombi, jibu ni nini?

---

Mwanzoni Honorine alijisikia mshindi. Wanawake asiowajua walimsimamisha njiani wamuulize walifunga vipi, waliomba saa ngapi, walikunywa maji au hawakunywa. Mama Spès alimwita kila penye wageni: "Huyu ndiye mwenye ushuhuda." Chumba cha maombi kilijaa wake za wanaume wapenda bia, wapenda mpira, wapenda kukaa mabarazani. Wote walitaka mume kama wa Honorine, mume wa kukaa nyumbani.

Na kweli alikaa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta wa jikoni, akiangalia ukuta. Honorine alimpikia mukeke wa kuchoma, ule samaki mnono wa ziwa, wenye vitunguu na pilipili, ambao zamani Gracien angeula mpaka mifupa iombe msamaha. Alimega mara mbili, akanawa mikono.

"Hauipendi?"

"Iko nzuri. Mupatie Olive."

"Weye je?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, Baba Olive? Hewa?"

Hakujibu. Hilo ndilo lililomtia Honorine wazimu, kule kutojibu. Alimjua mumewe kwa majibu. Alijaribu kumchokoza. Alimwambia vijana wa Kavimvira wanatangaza kwamba Gracien wa Kimanga amekimbia ubao kwa woga. Alitegemea macho yawake hata kidogo.

"Wako sawa," Gracien alisema.

"Nimekukosea?"

"Hapana."

"Uko na mwanamke?"

"Hapana."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwe fasi yoyote."

"Sasa juu ya nini unakaa hivi?"

"Sijui, Mama Olive. Sijui."

Honorine aliichukua ile sahani akaenda nayo jikoni akaitua kwa kishindo. Afadhali angefoka. Afadhali angemwambia mukeke umeungua. Olive, binti yao aliyekuwa anasoma sekondari, alikuwa anachagua mchele kando ya moto, na alisema bila kuinua kichwa: "Maman, Papa hanitanie tena."

"Uko mukubwa sasa. Utataniwa mpaka lini?"

"Alikuwa ananiita Madame Inspecteur kila nikirudi masomo. Sasa naingia, ananiangalia tu. Ni kama naingia kwa watu."

"Baba yako ameokoka. Mutu akiokoka anatulia."

Olive alimtazama mama yake, akarudi kwenye mchele wake. Honorine alikasirika na yeye pia, maana alijua anadanganya, na hakupenda kudanganya mbele ya mtoto.

---

Kazi nayo ikaanza kwenda mrama. Gracien aliamka kabla ya jogoo na bado alichelewa kufika kazini. Alikaa mbele ya masini, mguu juu ya pedali, na pedali haikwenda. Vitambaa vya watu vilirundikana. Fundi ambaye zamani alikuwa anashona huku akipiga mluzi sasa alishona mkono mmoja wa gauni, akasahau wa pili.

Siku moja Élisabeth, ambaye mdogo wake alikuwa anatolewa mahari Jumamosi ile, alikuja mpaka nyumbani na dada zake. Alikuwa ameacha vitenge vya sare ya ukoo mzima, na alikuwa ameambiwa mara nyingi arudi kesho. Aliingia uani, ndani ya parseli yao, bila kubisha hodi.

"Fundi iko wapi? Niambiwe leo nguo zetu ziko wapi!"

Gracien aliingia ndani, akatoka na vitenge. Vilikuwa vimekunjwa vilevile vilivyoletwa. Hata uzi uliovifunga dukani haujakatwa.

"Yesu wangu!" Élisabeth alipiga makofi. "Jumamosi wageni wanakuja, na huyu hajaweka hata mukasi! Munaona, majirani? Eti ameokoka! Ameokoka na kazi imemutoka!"

Vichwa vilikuwa vimeshajipanga juu ya uzio. Honorine aliomba, alishika mikono ya Élisabeth, alimwita dada, alimwita mama, aliahidi kwamba watakesha wote watatu wakishona. Alimgeukia mumewe aseme chochote. Aseme alikuwa na malaria. Aseme masini ilivunjika. Aongope, kama fundi yeyote mwenye akili anavyoongopa.

"Anasema kweli," Gracien alisema. "Chukua vitenge vyako, mama. Minye siwezi."

Élisabeth mwenyewe alishangaa, hasira ikamkatika katikati. Alichukua vitenge, akaondoka na dada zake bila tusi lingine. Honorine alibaki amesimama katikati ya uwanja mikono imelegea, majirani wakimhurumia, na alimchukia mume wake kwa muda mfupi ule, alimchukia kabisa.

---

Félicien kinyozi alipopiga hodi Jumatano jioni, Honorine alimtokea mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Félicien, rudia kule ulitoka. Huyu mutu ameacha. Usinirudishie shetani nyumbani."

"Shemeji, sikuje kumuchukua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Nakuja kuuliza. Gracien anagonjwa nini?"

Félicien alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, lakini siku ile alisema polepole, na macho yake yalikuwa yanaangalia nyuma ya Honorine, kwenye kile kiti.

"Sikiliza, shemeji. Kabla hajaacha, alikuja kwangu siku kama tano hivi bila kusema. Gracien! Kucheza bila kusema! Tulizani amekasirika. Akafungwa na mutoto wa mwenzetu Placide, yule hata hajui kulinda nyuma. Hakujali. Siku ya mwisho alikuwa ananishinda minye. Nilikuwa nimebaki na kete mbili, nimekufa. Akasimama, akasema, 'Maliza weye.' Akaenda. Nilimuita, hakugeuka."

"Hiyo ndiyo siku Mungu alimushika," Honorine alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Tulikuwa katika maombi."

"Ilikuwa bado vacances, shemeji. Shule zilikuwa hazijafunguliwa."

Walifunga baada ya shule kufunguliwa. Honorine alikumbuka vizuri, kwa sababu walikuwa wameomba na ada ya Olive humo humo. Na kati ya siku aliyoacha na maombi, Gracien alikuwa anatoka kila jioni kama kawaida, na yeye Honorine alikuwa anakaa na bugali wake uliopoa akilaani dame.

"Félicien, usinidanganye. Jioni zile zote alikuwa kwako."

"Hakukanyaga kwangu."

"Sasa alikuwa wapi?"

"Kule chini, kwa ziwa. Kwenye zile nyumba maji yalikula. Minye nilimuona mara mbili, amekaa juu ya ukuta uliobomoka, anaangalia maji. Nikamuita twende. Akaniambia, 'Wee enda, minye niko sawa hapa.' Shemeji, minye sikupenda namna alikuwa anaangalia yale maji."

Honorine aligeuka kumwangalia mumewe pale kwenye kiti, mtu wake, ambaye alikuwa amesikia kila neno na hakuwa ameinua hata kope. Yeye Honorine alikuwa amemshukuru Mungu. Alikuwa amepeleka jogoo.

---

Mama Spès alimkaribisha Honorine vizuri, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili na alikuwa ameinuka kwa maombi, na kile kilichomwinua yeye aliamini kitamwinua kila mtu.

"Binti yangu," alisema, "pepo akitoka, anaacha nyumba tupu. Mumeo iko mutupu sasa. Tutamujaza. Umulete, afunge siku tatu pamoja nasi, bila kula, bila kunywa."

"Mama, lakini hali hata sasa. Nguo zinamuanguka."

"Hiyo ni mwili. Sisi tunashugulika na roho."

"Na kuhusu ule ushuhuda, Mama Spès. Kumbe aliacha dame mbele hatujafunga. Minye nafikiri nilikosea. Nataka niseme."

Uso wa Mama Spès ulibadilika kidogo. Alivuta kiti chake karibu.

"Honorine. Siku ya Mungu wamama kutoka Katogota wanakuja, wengi, kwa sababu ya ushuhuda wako. Wamejikusanyia nauli. Unataka niwaambie nini? Kwamba tulicheza? Shetani ndiye anakutia mashaka. Utasimama, utashuhudia tena, na utaona mumeo atafunguliwa hapo hapo."

Honorine alitoka pale amefungwa mdomo. Njiani alikuwa anajisemea kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja mwenye beseni la ndagala akampisha. Alipofika nyumbani alimweleza Gracien habari ya kufunga siku tatu, akitumaini kwa nguvu zake zote kwamba atakataa.

"Kama munataka," Gracien alisema.

"Weye unataka nini? Nakuuliza weye!"

"Mama Olive, minye naona sawa tu. Kula, kufunga, sawa tu."

Hapo Honorine alilia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, akimpiga mumewe kifuani kwa ngumi ndogo ndogo, na mumewe akasimama tu akipigwa. Olive ndiye aliyemshika mama yake mikono.

---

Kesho yake alimpeleka kituo cha afya, akisema ni malaria, kwa sababu malaria ni ugonjwa wa heshima. Wakapima. Hakuna malaria. Wakapima tumbo. Hakuna kitu. Mtu wa maabara alimrudishia Honorine karatasi na kumwambia, bila hata kupunguza sauti mbele ya foleni: "Mama, huyu mubwana hana kitu. Anachoka tu. Mupatie chakula." Watu wawili watatu walicheka.

Honorine hakuondoka. Alibaki amesimama pale mlangoni, akiziba njia, akisema kwa sauti iliyopanda kwamba hatatoka mpaka aone mtu mwingine, hata wamwite polisi. Ndipo Fabiola, muuguzi mkuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa na uzi, akatoka kuona kelele ni za nini. Aliwaingiza wote wawili ofisini kwake, akafunga mlango.

Hakuuliza habari za tumbo. Alimuuliza Gracien analala vipi. Analala kidogo, anaamka gizani, hapati usingizi tena. Anakula? Kidogo. Kisha akamgeukia Honorine.

"Mama, kuna kitu baba alikuwa anapenda sana, na sasa haifanye tena?"

Honorine alitazama sakafu. "Dame."

"Ameacha lini?"

"Katika vacances."

"Na mulipoona ameacha, mulifanya nini?"

Honorine alivuta kitenge chake, akakikaza kiunoni, akakilegeza.

"Tulishukuru Mungu," alisema. "Nilisimama kanisani, nikashuhudia. Walinipigia makofi."

Fabiola hakucheka, wala hakumlaumu. Alisogea karibu na Gracien. "Papa, weye mwenyewe utuambie. Ilikuwa namna gani?"

Gracien alisema akiitazama mikono yake.

"Sikuiacha. Watu wanasema niliacha. Iliniacha. Nilikuwa nakaa mbele ya ubao, naona njia yote ya kumufunga Félicien, naiona vizuri, na moyo haisemi kitu. Nikazani ni dame. Kisha ikawa chakula. Kisha masini. Kisha mutoto wangu anaingia, najua nampenda, lakini siisikii. Nilikuwa naenda kwa ziwa, labda nitaisikia kule. Hakuna."

"Na kule kwa ziwa," Fabiola alisema, sauti ileile, "ulikuwa unafikiri kufa?"

Honorine alishtuka, akataka kumkataza yule mwanamke kutamka neno kama lile. Lakini Gracien alikuwa ameshajibu.

"Ndiyo. Sikutafuta namna. Nilikuwa nafikiri tu, ningelala nisiamke, ingekuwa sawa. Hakuna aliyeniuliza mpaka leo."

Honorine aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amemuuliza habari za mwanamke. Alikuwa amemuuliza habari za maumivu, za mukeke, za woga wa vijana wa Kavimvira. Alikuwa amemuuliza kila kitu ila hicho.

Fabiola aliwaeleza polepole. Ni ugonjwa, una jina, si pepo na si uvivu, na mara nyingi unaanza hivyo, mtu anakosa hamu ya kile alichokipenda. Kuna dawa. Kuna mtu wa hospitali kuu aliyesomea kuzungumza na wagonjwa wa namna hii, anapokea kila Alhamisi.

"Pale kwa wazimu?" Honorine aliuliza haraka.

"Pale kwa wagonjwa, mama. Na sasa musikilize vizuri. Asifunge. Asibaki peke yake, hasa kule kwa maji. Akisema neno lolote la kufa, munakuja hapa, hata kama ni siku ya Mungu. Na wale rafiki zake wa dame, waite."

"Acheze?"

"Musimulazimishe kitu. Wakae naye tu."

---

Jumapili, siku ya Mungu, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Akina mama wa Katogota walikuwa wamevaa sare, wamekaa mbele, wengine na vumbi la bonde la Ruzizi bado miguuni. Mama Spès alimwita Honorine kwa jina, na makofi yakaanza kabla hajafika kwenye mikro.

Honorine alitafuta sura ya Mama Spès, akaona imejaa matumaini, na karibu aseme yaleyale ya kwanza kisha arudi kukaa.

"Ushuhuda wangu haukuwa wa kweli," alisema. "Sikujua. Mume wangu hakuachishwa dame. Mume wangu anagonjwa. Aliacha mbele hatujafunga, na minye nilimushukuru Mungu kwa ugonjwa wa mume wangu, na nyinyi mukanipigia makofi."

"Amen?" alisema mtu mmoja wa nyuma, kwa mazoea.

"Hapana, hakuna amen hapo. Wamama wa Katogota, minye sikatazi maombi, hata minye nitaomba. Lakini kama bwana yako ameacha kitu alikuwa anapenda, usikimbilie kufurahi. Muulize kwanza. Muulize kama anataka kuishi."

Mpiga piano alielewa kwamba mambo yameharibika, akaangusha mikono yote miwili kwenye piano. Kwaya ikainuka. Mtu alimtoa Honorine mikro mkononi, kwa upole lakini alimtoa, na wimbo ukafunika maneno mengine yote aliyokuwa anataka kusema. Alitembea kurudi kwenye nafasi yake katikati ya macho. Mwanamke aliyekuwa amekaa karibu naye alihamisha Biblia yake, kisha akahama na yeye mwenyewe. Walipotoka nje Mama Spès alipita mbele yake bila salamu.

Nyumbani alimkuta Gracien kwenye kiti, Olive amekaa karibu naye na vitabu vyake kama walivyokubaliana.

"Umerudia mapema," Gracien alisema.

"Wameniimbia," Honorine alisema, akaingia ndani kuvua nguo za kanisa.

---

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwenye baraza la Félicien. Wanaume walimuona kwa mbali, mmoja akaanza kukusanya kete kana kwamba anakuja askari. Alisimama mbele yao na aibu yake yote.

"Shemeji zangu, nawaomba mukuje kucheza kwangu nyumbani."

Hakuna aliyemcheka. Walikuja jioni ileile, Félicien na Placide na wengine wawili, na ubao, na mzozo wao. Waliweka mchezo kwenye benchi karibu na kile kiti. Gracien aliwasalimia. Félicien alimsogezea kete. Gracien aliziangalia, akatikisa kichwa, akageuza kiti chake kidogo kuelekea ukutani.

Walikuja na kesho yake. Walikuja na kesho kutwa. Alhamisi Gracien alikwenda hospitali na Honorine, akarudi na dawa ambazo waliambiwa zitachukua wiki kadhaa kabla hazijaanza kufanya kazi. Wiki kadhaa! Honorine alimeza na hilo. Jioni wanaume walikuja tena, wakapiga kete na makelele, Placide akasogeza kete ya kijinga kupita zote duniani, kete ambayo zamani Gracien angeisemea mwezi mzima. Wote wakatulia, wakamtazama kwa pembe ya jicho. Honorine naye alisimama mlangoni mwa jikoni na unga kwenye mikono, akingoja.

Gracien alikuwa anaangalia ukuta.

Kitu kilikatika ndani ya Honorine. Alikuwa amejivua nguo mbele ya kanisa zima. Alikuwa amepoteza marafiki. Alikuwa amewapigia magoti wachezaji wa dame, yeye! Na mtu huyu hawezi hata kugeuza shingo.

"Basi, inatosha!" alipaza sauti. "Félicien, kusanya kete. Mwende nyumbani, muna wake, muna watoto. Hatazami, hatacheza, munapoteza jioni zenu bule. Mwende!"

Wanaume walitazamana. Félicien aliinuka polepole, akaanza kuingiza vifuniko mfukoni, kimoja kimoja.

"Usiwafukuze," Gracien alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, bado hajageuka. Honorine alidhani hakusikia vizuri.

"Unasema nini?"

"Siwezi kucheza, Mama Olive. Haijarudi. Lakini usiwafukuze. Wakiwa hapa na makelele yao, sisikii ile sauti ingine inanisemesha. Wakienda, nabaki nayo." Alipangusa uso kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Naomba wabaki."

Félicien alikaa chini kwa uzito wake wote. Alitoa vifuniko mfukoni, akavimwaga juu ya ubao, akaanza kumtukana Placide kwa ile kete yake, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na machozi yakimshuka kwenye mashavu. Placide alimjibu. Wengine wakaingilia, kila mtu akisema juu ya mwenzake.

Honorine alimwendea mumewe, akamshika kichwa kwa mikono yake yenye unga, akakikandamiza tumboni mwake. Walikaa hivyo mpaka mchezo wa kwanza ukaisha. Kisha akarudi jikoni, akahesabu wanaume kwa kidole kutoka mlangoni, akamwambia Olive aongeze maji kwenye sufuria ya bugali.